Gari ndogo ya Chake na masikio ya siti ya nyuma

Meli ya kutoka Unguja ikishafunga gati Mkoani, abiria hushuka kwanza na mabegi yao, maboksi ya biskuti na watoto waliochoka. Zamu ya gari huja baadaye. Zinateremka moja moja: Vitz, Passo, IST, Noah moja iliyojaa magodoro. Namba zote zinaanza na herufi Z. Mwenye gari mpya, yaani mpya kwake, akikabidhiwa ufunguo hapo gatini hafungui boneti kutazama oili. Huwasha redio.

Na redio mara nyingi haisemi kitu. Kioo kinawaka, maandishi ya Kijapani yanapita, kisha unabaki mvumo mtupu.

Si ubovu. Japani matangazo ya FM hurushwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na siku hizi hadi 95, wakati stesheni za huku zimejipanga kati ya 88 na 108. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Tokyo inaishia pale ambapo za kwetu ndiyo kwanza zinaanza. Mafundi wana kidude cha kuchomeka kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa ili redio ile iyakamate, lakini namba inayoonekana kwenye kioo hailingani tena na stesheni, na sauti huja na mikwaruzo. Wengi huona bora kuing'oa redio yote na kuweka nyingine yenye blutuu na tundu la fleshi. Isitoshe, Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na mawimbi ya FM hayapendi kona. Ukiwa juu ya kilima unasikia taarifa ya habari, ukiteremka bondeni mtangazaji anakatika katikati ya neno.

Hapo ndipo mambo huanzia. Redio mpya inafichua kwamba spika za zamani zimekufa. Spika mpya zinafichua kwamba redio haina nguvu. Inaletwa amplifaya, amplifaya inadai sabufa, na sabufa inadai buti nzima. Baada ya miezi michache gari ya familia isiyofika mita nne kwa urefu imebeba muziki wa kutosha harusi, na watoto wamekaa katikati yake.

Machomanne, pembeni mwa mji wa Chake Chake, kuna fundi wa muziki wa gari anayefanya kazi chini ya mwembe. Vifaa vyake vinaenea kwenye benchi moja: bisibisi, plaizi, mita ya umeme, risasi ya kuchomea, mabunda ya waya. Spika zilizokufa amezitundika kwenye misumari kama vitambulisho vya kazi. Msimu wa karafuu ukiwa umekolea, harufu yake inafika hadi hapo, kwani hakuna uwanja usio na jamvi lililoanikwa.

Asubuhi moja ilifika kwake Vitz ya rangi ya fedha, ile aina ya RS. Toyota waliitoa RS kwa ajili ya vijana wa Japani waliotaka gari ndogo yenye sura na mwendo wa michezo: bampa lililoshuka, springi ngumu, nyingine na injini ya sisi 1500. Kwa barabara za Pemba hiyo ndiyo gari ya spoti ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimiliki bila kuuza shamba. Hii ilikuwa imenunuliwa Unguja kutoka kwa kijana, na ilikuja na kila alichokiweka kijana yule: boksi la sabufa la inchi 12 kwenye buti, amplifaya iliyolala chini ya siti, na spika mbili za mviringo wa yai, inchi 6 kwa 9, zilizotobolewa kwenye kibao cha nyuma juu ya buti. Walioshuka ndani yake walikuwa mume, mke na mtoto wa kike wa miaka sita.

"Fundi, tunataka uitoe," akasema mke.

Fundi akamtazama mume. "Vipi yakhe, imeungua?"

"Haijaungua. Inapiga vizuri kabisa," akajibu mume, kwa sauti ya mtu anayemsindikiza ndugu bandarini.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mtoto. Yuko darasa la kwanza, na mwalimu alimwita mama yake kumweleza kwamba akiitwa kutoka nyuma haitiki. Nyumbani walishalijua hilo, ila walilipa jina jengine. Walisema mkaidi, hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Bibi yake alikwisha kumfinya sikio mara kadhaa. Katika Kiswahili neno moja, hasikii, linabeba mtoto mtovu wa adabu na mtoto mwenye sikio bovu, na wa pili mara nyingi hulipa deni la wa kwanza.

Kisha siku moja mama alikuta doa la njano kwenye mto. Usaha. Wakaenda hospitali, daktari akachungulia sikio la kushoto na kuona ngoma yake imetoboka kwa maambukizo, pengine yaliyoanza kama mafua ya kawaida na kukaa kwa wiki kadhaa bila ya mtu kujua. Aliwapa dawa ya matone, akawaambia sikio lisiingie maji, wasitie mafuta ya nazi, wasichokoe kwa kijiti wala pamba, na warudi kuangaliwa tena. Hakusema kwamba muziki ndio ulioitoboa ngoma, na hilo ni vizuri kulisema wazi hapa, kwa sababu usaha wa sikio unatokana na vijidudu. Lakini mama alipotaja gari, daktari aliuliza mtoto hukaa upande gani.

"Nyuma, kushoto."

"Na spika ziko wapi?"

Swali hilo ndilo lililowafikisha Machomanne.

Kuna njia mbili za kupoteza usikivu ambazo wazazi huzichanganya. Ya kwanza ni hii ya mtoto wa Vitz: sauti haipiti sawasawa kwa sababu mlango wa kuingilia una tatizo, iwe ni nta iliyojaa, maji yaliyokwama nyuma ya ngoma au tundu. Nyingi kati ya hizi hutibika. Ya pili iko ndani zaidi, kwenye kikonokono cha sikio, ambako kila mwanadamu huzaliwa na chembe kama 15,000 zenye vinywele vidogo zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme wa neva. Kelele kubwa huzilaza vinywele vyake kama upepo unavyolaza mpunga. Zikipumzika huinuka. Zikipigwa kila siku hufa, na zikifa haziotei nyengine. Mtoto ambaye sikio moja tayari linasumbua hana akiba ya kuchezea kwenye la pili.

Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 ni salama kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda hukatika nusu. Desibeli 78, saa 20. Desibeli 81, saa 10. Ukifika 90, kiwango ambacho gari yenye amplifaya hukifikia bila ya kutoka jasho, mtoto amebakiwa na saa moja na robo kwa wiki nzima.

Tuchukue safari fupi ya dakika 15 kwenda skuli na 15 kurudi. Jumatatu zimekwenda dakika 30. Jumanne zimetimia 60. Jumatano asubuhi, anaposhushwa mbele ya geti la skuli, mtoto amekwisha kumaliza posho yake ya wiki. Bado kurudi siku hiyo, bado Alkhamisi na Ijumaa, bado kupelekwa chuoni alasiri, bado harusi ya Jumapili yenye spika zilizopangwa kama matofali. Na sikio halibagui kasida na singeli. Mawaidha mazuri yakipigwa kwa desibeli 90 huhesabiwa kwa hesabu ile ile.

Hakuna mzazi mwenye kipimo cha desibeli kwenye dashibodi. Zipo programu za bure za simu zinazokisia, na kwa kukisia zinatosha. Lakini kipimo cha zamani hakihitaji chaji: ikiwa wawili waliokaa umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili waelewane, kelele iliyopo pengine imevuka 85. Kipimo kingine ni rahisi zaidi, nacho ni dereva kuhamia siti ya nyuma. Wenye gari wengi hawajawahi kukaa nyuma kwenye gari zao wenyewe.

Fundi alimtaka mume afanye hivyo hivyo. Akamketisha nyuma kushoto, akaifunga milango, akawasha taarabu kwa kiasi kile kile ambacho mume alikuwa akikitumia kila siku, alama ya 28. Haikupita nusu dakika mlango ukafunguliwa.

"Hii si ishirini na nane ya mbele," akasema mume.

Haikuwa. Spika za kibao cha nyuma zilikuwa shubiri chache tu kutoka kichwani mwake, na kwa mtoto aliyekaa hapo kila siku ni hivyo hivyo. Dereva yuko mbele, kioo chake cha kulia amekiteremsha kwa sababu ya joto, upepo unavuma, tairi zinasaga kokoto. Kelele hizo peke yake ndani ya gari ndogo huweza kufika desibeli 70 na kupita. Anapandisha muziki ili aushinde upepo wake yeye. Aliye nyuma ndiye anayeupokea wote.

Wajapani waliotengeneza gari halisi za spoti walilijua tatizo hili zamani. Mazda walipotoa MX-5 mwaka 1989, gari ya viti viwili inayofunguliwa paa, upepo ulikuwa ukimeza muziki wote. Badala ya kuongeza nguvu tu, zipo walizozitoa zikiwa na spika ndogo ndani ya sehemu ya kulazia kichwa, karibu kabisa na sikio, ili sauti ndogo itoshe. Ni fikra nzuri kwa dereva anayekishika kitufe mwenyewe. Katika Vitz iliyofungwa ovyo, mtoto amewekewa spika za kulazia kichwa bila ya mtu kukusudia, na kitufe kiko kwa baba.

Kazi ilianza kwa kung'oa, na katika kung'oa likaonekana jambo lililomnyamazisha fundi kwa muda. Waya mnene wa amplifaya ulitoka moja kwa moja kwenye betri, ukapenya ukuta wa injini, ukalala chini ya zulia upande wa kushoto hadi chini ya siti. Haukuwa na fyuzi. Pale ulipopita chini ya reli ya siti, plastiki yake ilikwisha kusagika na shaba ilikuwa ikimeta. Waya kama huo ukigusa bodi, betri humwaga umeme wake wote kwa mpigo, waya unakuwa mwekundu na zulia linashika moto. Fyuzi iliyofungwa karibu na betri, isizidi nusu mita, ingekatika kabla ya hayo. Ni kitu kidogo kinachoingia kwenye kiganja, na ndicho cha kwanza kurukwa na anayetaka kumaliza kazi kabla ya adhuhuri. Mzazi asiyejua lolote kuhusu muziki anaweza kufungua boneti na kuuliza swali moja tu: fyuzi ya waya huu iko wapi?

Mke aliutazama waya ule kwa muda mrefu. Hapo ndipo miguu ya mtoto ilipokuwa ikining'inia.

Boksi la sabufa nalo halikuwa limefungwa popote. Lilikuwa limekaa kwa uzito wake tu. Kwenye breki ya ghafla, kwenye mteremko, kitu kizito kilichokaa nyuma ya watoto hakisimami gari inaposimama.

Fundi akapendekeza kitu ambacho mume hakukitarajia. Muziki usitolewe wote. Utengenezwe upya, kwa fedha ya huo huo wa zamani.

"Wewe hukuwa ukitaka sauti kubwa, yakhe," alimwambia. "Ulikuwa ukitaka kusikia maneno."

Boksi la redio lililobaki ndani ya gari lilikuwa na maandishi makubwa: wati 50 mara nne. Mafundi huyacheka maandishi hayo. Redio ya kawaida inayotegemea volti 12 za gari bila amplifaya ya nje hutoa kwa uhakika wati 15 hadi 20 kwa kila spika, hizo 50 ni za kupepesa jicho. Lakini 15 zinatosha kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, nguvu lazima ziongezwe kama mara kumi. Ndiyo sababu kijana anayenunua amplifaya kubwa mwaka huu atataka kubwa zaidi mwakani. Anakimbiza kitu kinachokimbia kwa kasi kuliko mfuko wake.

Ambacho hakihitaji wati ni kuufunga mlango vizuri, na hapo ndipo fundi alipotumia sehemu kubwa ya siku. Alifungua bodi za ndani za milango ya mbele. Spika za kiwandani zilikuwa za karatasi, mpira wake wa pembeni wa sponji umekwisha kumeguka kama mkate mkavu. Joto na unyevu wa bahari huumaliza sponji mapema. Akachagua spika za inchi 6 na nusu zenye mpira halisi pembeni, pamoja na vispika vidogo vya sauti nyembamba vya kuweka juu karibu na kioo cha pembeni. Maneno ya binadamu, zile s na f na sh zinazotofautisha neno na neno, yamo huko kwenye sauti nyembamba. Zikipigiwa magotini, dereva huzisikia kwa tabu na mkono wake unakwenda kwenye kitufe.

Spika mpya haikai kwenye tundu la zamani bila ya pete. Mafundi wa haraka hukata pete kwa mbao za vumbi zilizogandishwa, ambazo masika moja ya Pemba inatosha kuzivimbisha kama andazi. Huyu alikata plaiwudi ngumu, akaipaka rangi pande zote na kwenye ukingo. Juu ya kila spika, kwa ndani, akaweka kipaa cha nailoni, kwa sababu maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo cha mlango hupitia humo humo ndani kabla ya kutokea chini. Vichwa vya waya alivichomea kwa risasi na kuvifunika, maana chumvi ya hewa huota kutu ya kijani kwenye shaba iliyo wazi.

Kisha akaziba matundu. Mlango wa gari kwa ndani umejaa matundu makubwa na madogo, na watu hawajui kwamba yana habari na muziki. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya mbele ikikutana na ile ya nyuma kupitia matundu hayo, besi zinauana zenyewe kwa zenyewe. Mwenye gari huona besi hakuna, anakwenda kununua sabufa. Fundi alibandika karatasi nzito za lami zenye ngozi ya bati juu ya matundu yote, akazikandamiza kwa kijiko. Mlango ulipofungwa tena haukulia tena kama debe, ulitoa sauti kama ya gari kubwa, na mume akaufungua na kuufunga mara tatu kwa raha zake.

Mtoto alipewa kazi moja. Fundi alimpa betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 na nyaya mbili, akamwambia aguse nyuma ya spika na atazame inakwenda wapi. Karatasi ikichomoza nje, waya wa chanya na wa hasi zimekaa sawa. Ikizama ndani, zimepishana. Spika mbili zikipishana, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi zinapotea hata kama ni spika za bei mbaya.

"Inatoka!" alipiga kelele mtoto. Ya pili ilizama. Fundi akageuza waya.

Spika za kibao cha nyuma zilitolewa, matundu yake yakazibwa. Za milango ya nyuma zilibaki zile za kiwandani, na kwenye redio fundi akaugawa mlio ili sehemu kubwa ibaki mbele. Huo ni mpangilio ambao karibu kila redio ya gari inao, hauna gharama, na mzazi anaweza kuufanya leo kwenye maegesho: tafuta sehemu ya kugawa mbele na nyuma, vuta mbele. Mzazi anayetaka kubaki na amplifaya anaweza kumwambia fundi aishushe ile skrubu ndogo ya kuongeza nguvu, ili hata kitufe kikizungushwa chote na kijana aliyeazimwa gari, sauti isipande sana.

Saa tisa alasiri wakaijaribu. Waliteremka njia ya Mkoani hadi karibu na Mtambile, barabara ikipinda kati ya mikarafuu na migomba, majamvi ya karafuu yakiwa kando ya lami na kuku wakikatiza. Fundi alikaa mbele, mume akiendesha, mke na mtoto nyuma. Ilikuwa taarabu ile ile ya asubuhi. Fidla zikasikika, na maneno ya mwimbaji yakasikika moja moja. Mume akaangalia kioo cha redio: 14.

Mke alisema kitu nyuma, kwa sauti ya kawaida, na mume akajibu bila ya kugeuka. Kwa muda wa sekunde chache hakuna aliyetambua kwamba hilo lilikuwa halijatokea ndani ya gari hii.

Mtoto bado hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Matone yanaendelea, na ana siku ya kurudi hospitali. Tundu dogo la ngoma ya sikio mara nyingi hujifunga lenyewe likiachwa kavu, na lisipojifunga ipo njia ya kulitengeneza. Mwalimu amemhamishia dawati la mbele, upande ambao sikio zuri linamwelekea. Bibi naye ameambiwa aache kufinya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na usaha wa sikio usiotibiwa umo kwenye orodha hiyo. Dalili zake ni hizi anazozijua kila mama baada ya kuambiwa: haitiki akiitwa kwa nyuma, anataka televisheni ipandishwe, anageuza kichwa upande mmoja anaposikiliza, anasema "ee?" kila mara, mto una doa au harufu. Haifai kusubiri mpaka mwalimu aite.

Waliporudi Machomanne jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa Wesha. Boksi la sabufa lilikuwa bado pale pale chini ya mwembe, kubwa kuliko mtoto. Fundi aliwaeleza kwamba limeshapata mtu. Kijana wa Konde amepiga simu, atalifuata kesho, na fedha yake itafidia spika mpya pamoja na ufundi.

"Ana watoto?" akauliza mke.

"Hajaoa bado," akasema fundi, na akalisogeza boksi kivulini.